Fahamu: Kuteleza thelujini katika milima ya Kyrgyzstan
Safari ya kuteleza kwenye theluji ya porini nchini Kyrgyzstan kwa kawaida huanzia Bishkek, kisha kilomita 400 hivi kwa gari hadi Karakol, karibu na ziwa Issyk-Kul, ambalo haligandi hata katikati ya baridi. Mbele ya Karakol kuna Jyrgalan, kijiji cha zamani cha wachimba makaa ya mawe. Msafiri hubandika utepe wa manyoya chini ya skii zisirudi nyuma, akapanda mlima mwenyewe. Kinachotisha ni maporomoko ya theluji: baridi kavu hugeuza tabaka la chini la theluji kuwa chenga kama sukari, zisizoshikana. Kila mmoja hubeba kifaa cha mawimbi cha kutafutana, ufito na koleo. Aliyefukiwa hutegemea wenzake, kwani baada ya dakika 15 hivi uwezekano wa kupona hushuka ghafla.