Gari Inazima Njiani, Halafu Inawaka Tena

Viko vikundi ambavyo bado vinategemea Land Rover za zamani za petroli, hasa zile za Series III zilizotengenezwa kutoka 1971 hadi 1985. Gari hiyo inabeba maziwa asubuhi, inaleta mbolea mchana, na usiku ikibidi inapeleka mama hospitali kujifungua. Kwa hivyo gari inayozima bila sababu ni mbaya kuliko ile iliyokufa kabisa. Iliyokufa mtaiacha nyumbani. Hii nyingine itawaacha katikati ya mto na mgonjwa ndani.

Ugonjwa wenyewe mnaujua. Gari inatembea vizuri nusu saa, inakata ghafla, mnaisukuma kando, mnakaa chini ya mti, halafu inawaka kama kwamba hakuna kitu. Ikifika kwa fundi iko sawa kabisa. Basi fundi anabahatisha: leo plagi, wiki ijayo kabureta, wiki ile nyingine pampu ya mafuta. Pesa za kikundi zinaisha na gari bado inazima. Sisi tunasema msinunue spea hata moja kabla ya kujua stima inapotelea wapi.

Safari ya stima ni hii. Inatoka kwa betri, inapita swichi ya ufunguo, inaingia koili, inatoka kwa waya mwembamba hadi kwa pointi zilizo ndani ya distributa. Pointi zikifunga, stima inapita na kurudi kupitia bodi ya gari. Zikifunguka, inakatwa ghafla, na huko kukatwa ndiko kunakofanya koili iteme stima kali ya maelfu ya volti. Hiyo ndiyo inayopita waya mnene wa katikati, ikaingia kwa rota, na rota inaigawia kila plagi kwa zamu yake. Kile kikopo kidogo kinachoitwa kondensa kinasaidia stima ikatike sawasawa na pointi zisiungue. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3000 kwa dakika, pointi zinafunguka mara 100 kila sekunde. Ndiyo maana waya uliolegea kidogo tu unatosha kuzima gari.

Kwanza tofautisheni stima na petroli. Gari inayokosa petroli kwa kawaida huanza kukohoa na kuvutavuta, nguvu zikipungua pole pole. Ya stima hukatika mara moja, kama mtu amezima swichi. Ikizima, ondoeni bomba la hewa juu ya kabureta na mtu avute ile fimbo ya mafuta. Mkiona petroli ikiruka ndani, shida yenu haiko huko. Rudisheni bomba vizuri kabla ya kuanza kucheza na cheche, maana petroli na cheche si marafiki.

Sasa tufike kwa dawa tunayoipenda sisi, na haigharimu zaidi ya balbu ya volti 12 na waya mrefu. Shida ya ugonjwa huu ni kwamba ukifungua boneti umeshapona. Basi wekeni mlinzi. Fungeni waya kwa ile nati ya koili inayopokea stima kutoka kwa swichi, uupitishe mbali na ekzosi na feni, uingize mbele kwa dereva, balbu iwe hapo, na waya wake wa pili uguse chuma cha bodi. Swichi ikifunguliwa balbu inawaka. Endesheni gari kama kawaida, na anayekaa na dereva asiondoe macho kwa balbu.

Gari ikizima na balbu ikazima pamoja nayo, stima haifiki kwa koili. Msiguse distributa. Angalieni vichwa vya betri, ile kamba nene inayounga betri na bodi, viungo vya waya nyuma ya dashibodi, na swichi yenyewe. Tikiseni ufunguo injini ikiwaka. Swichi iliyobeba funguo kumi za stoo na za kanisa kwa miaka ishirini huwa imelegea, na hata shimo la barabara linaweza kuikata.

Balbu ikibaki inawaka na gari imezima, stima imefika kwa koili, na shida iko mbele. Hamisheni waya wa balbu kwa nati ya pili ya koili, ile inayoelekea distributa, na mtu azungushe injini kwa hendeli. Balbu inatakiwa kuwaka na kuzima. Ikiwaka tu bila kuzima, pointi hazifungi au waya wa kwenda huko umekatika. Ikikaa giza tu, pointi hazifunguki, au waya huo unagusa bodi, au koili imekatika ndani.

Huo waya mfupi ndani ya distributa umesumbua watu wengi. Sahani ya pointi husogea kidogo kila mara dereva anapokanyaga na kuachilia mafuta, na waya unapinda nayo. Baada ya miaka shaba inakatika ndani huku mpira wa nje ukionekana mzima. Mkiuvuta taratibu ukarefuka kama lastiki, mwizi amepatikana.

Kama balbu inawaka na kuzima vizuri, chomoeni waya mnene katikati ya distributa, mshike kwa kibanio cha nguo cha mti mkavu, ncha yake iwe karibu milimita 5 kutoka kwa chuma, na mzungushe tena. Cheche kali ya bluu inamaanisha koili na kondensa ziko sawa, basi angalieni rota, na kifuniko cha distributa kama kina mstari mweusi mwembamba kama wa penseli. Huo ni ufa, na asubuhi za ukungu stima hutorokea hapo. Cheche dhaifu ya manjano au kukosa cheche ni koili au kondensa, na hizi mbili hupenda kuugua zikipata joto. Funikeni ubavu wa koili kwa kitambaa chenye maji, si juu kwenye waya. Cheche ikirudi mapema kuliko kawaida, badilisheni koili. Isiporudi, jaribuni kondensa.

Nafasi ya pointi za injini hii ni milimita 0.35 hadi 0.40, mpime kwa fila geji, si kwa jicho. Na mkibadilisha kondensa ambayo haikuwa na makosa, msiitupe. Kondensa mpya nyingine hufa mapema, kwa hivyo ile ya zamani iwekwe chini ya kiti pamoja na balbu, waya na kibanio.