Mwili ni wa nani?

Ukivuka mto Kongo kwa pirogi toka mjini Kisangani, unafika Lubunga. Vijana wa huku wanajua Studios Kabako ya Faustin Linyekula, kwenye mutu anacheza dansi kwa kusema yenye mudomo unaogopa.

Dorine Mokha, mutoto wa Lubumbashi, alifanyaka kazi nao. Alisomea sheria, kisha akachagua kucheza. Katika mchezo wake «Entre deux» alionyesha mapendo ya mwanaume kwa mwanaume mwenzake, mbele ya watu benye wangependa anyamaze. Wengine watakasirika, wamuangalie kwanza. Tena yeye na Elia Rediger walitunga «Hercules de Lubumbashi», mchezo wa kuimba juu ya mines zetu. Kwake ulizo lilikuwa moja: nani anaamuru mwili wa mutu? Alikufa Januari 2021, kijana bado.

Sisi wa sendika tunaongea mushahara, kofia na buti. Juu ya bamama wanaoombwa mwili mbele ya kupewa kazi ya kusafisha mawe, tunanyamaza. Hata miye nilinyamaza. Mkutano unaokuja, nitaanzia hapo.