Nasaba ya Maneno: Kutoka Lugha za Kubuni za Tolkien hadi Vilima vya Taita

Utangulizi

Swali la asili ya maneno huzuka kila mara wanafunzi wa Kiswahili wanapokutana. Neno hili limetoka wapi? Mji huu uliitwaje hivi? Swali ni la maana, ila majibu yake aghalabu hutolewa kwa kutegemea sikio. Neno moja likifanana na jingine kwa sauti, basi husemwa kuwa hilo limezaa hili, na mjadala hufungwa. Makala haya yanadhamiria kueleza namna nasaba ya neno inavyothibitishwa. Tutaanza na mfano unaoweza kumshangaza msomaji, yaani lugha zilizobuniwa na mtu mmoja kwa ajili ya viumbe wa hadithini. Kutoka hapo tutafika Taita Taveta, ambako kanuni hizo hizo zinahusu lugha za watu halisi, na ambako kuchelewa kuzitumia kuna hasara kubwa.

Lugha iliyobuniwa pamoja na historia yake

J. R. R. Tolkien (1892–1973) alizaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, akalelewa Uingereza na kuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Oxford. Wengi wanamjua kwa riwaya yake The Lord of the Rings, iliyochapishwa kati ya 1954 na 1955. Wachache wanajua kwamba kitaaluma alikuwa mwanafilolojia, na kwamba kati ya 1919 na 1920 alifanya kazi katika kamusi kuu ya Kiingereza ya Oxford, akichunguza asili ya maneno. Katika hadithi zake wamo viumbe wanaofanana na binadamu, ila hawafi kwa uzee. Aliwabunia viumbe hao lugha kadhaa, na mbili zilizo mashuhuri ni Quenya na Sindarin. Ya kwanza ina athari za Kifini, na ya pili inafanana kimatamshi na lugha ya Wales.

Jambo la kuzingatia ni kwamba Tolkien hakuokota sauti ovyo na kuzibandika maana. Alianza kwa kubuni mizizi ya lugha mame, kisha akaweka kanuni za mabadiliko ya sauti ambazo kila lugha ilizifuata kwa njia yake. Chukua mfano wa neno lenye maana ya mti. Umbo lake la kale alilikadiria kuwa *galada. Katika Sindarin, sauti g ya mwanzo ilibaki, na neno likawa galadh. Katika Quenya, sauti hiyo ilidondoka, na neno likawa alda. Kadhalika, sauti kw ya kale ilidumu katika Quenya lakini ikageuka p katika Sindarin. Ndiyo maana kitenzi cha kusema kina shina quet- huku na ped- kule. Anayeyasikia maneno hayo kwa mara ya kwanza hawezi kudhani kuwa ni ndugu, ilhali kanuni inathibitisha undugu wao. Orodha ya mizizi hiyo, aliyoiandika katika miaka ya 1930, ilichapishwa 1987, baada ya kifo chake.

Funzo la kwanza ni hili: undugu wa maneno hauthibitishwi na kufanana, bali na kutofautiana kwa utaratibu.

Kanuni hiyo katika Kidawida na Kiswahili

Tolkien alikopa mbinu hiyo kwa wanaisimu waliokuwa wakichunguza lugha za Ulaya. Katika lugha zetu, Carl Meinhof aliitumia katika kitabu chake cha 1899 kuhusu fonolojia ya lugha za Kibantu. Msomaji anaweza kuijaribu mwenyewe kwa kulinganisha Kiswahili na Kidawida, lugha ya vilima vya Taita.

Kiswahili husema mtu na watu. Kidawida husema mundu na wandu. Umbo la Mame-Bantu hukadiriwa kuwa *muntu. Kutokana na nt moja, Kiswahili kimepoteza nazali na kubaki na t, nacho Kidawida kimehifadhi nazali na kuigeuza t kuwa d. Tazama pia kitenzi kwenda. Waganda husema okugenda, na Wadawida husema kughenda. Mzizi wa kale ni *-gend-. Kidawida kimeilainisha g ikawa gh, na Kiswahili kimeidondosha kabisa. Hapa msomaji atakumbuka mara moja galadh na alda. Alichokibuni Tolkien mezani kwake kilikuwa kimetokea kweli katika vinywa vya watu wa pwani yetu.

Hata hivyo, kanuni ina mipaka yake na haina budi kupimwa. Neno uganga la Kiswahili ni wughanga katika Kidawida. Hapa Kiswahili hakikuipoteza g, kwa hivyo hatuwezi kusema kuwa kila g ya kale ilidondoka. Neno hilo hilo linatufunza jambo jingine: kiambishi u- cha Kiswahili kinalingana na wu- cha Kidawida, na vyote viwili vinatokana na *bu- ya kale, ambayo bado inasikika katika obu- ya Kiganda. Neno moja, basi, lina ushahidi wa mambo mawili.

Lugha iliyotoweka na kuacha maneno

Mbinu hiyo inaweza kutufikisha hata kwenye lugha ambayo haina msemaji aliyebaki. Mwaka wa 1981, Christopher Ehret na Derek Nurse walichapisha makala kuhusu Wakushi wa Taita. Walionyesha kuwa katika Kidawida na Kisaghalla mna maneno ambayo hayakurithiwa kutoka Mame-Bantu, bali yalikopwa kwa watu waliozungumza lugha za Kikushi na kuishi katika vilima hivyo. Watu hao walimezwa na jamii za Kibantu. Hawakuacha maandishi. Tunazijua lugha zao kwa sababu tu majirani zao waliyahifadhi baadhi ya maneno yao.

Tofauti ya kazi hiyo na ile ya Tolkien ni ya kimsingi. Tolkien aliteremka kutoka kwenye mzizi hadi kwenye neno, na kwa kuwa yeye ndiye aliyeumba vyote viwili, hakuna awezaye kumkosoa. Mtafiti wa Taita hupanda kutoka kwenye neno hadi kwenye mzizi, na anaweza kukosea. Ndiyo maana umbo la kukadiriwa huwekewa alama ya nyota, kama tulivyofanya hapa. Nyota hiyo ni kukiri kwamba hakuna aliyelisikia neno lenyewe.

Jina la Voi

Tulipime sasa jina la Voi kwa mizani hiyo. Masimulizi yaliyoenea yanadai kwamba mji ulipata jina kutokana na Kivoi, mfanyabiashara aliyeishi karibu na mto Voi yapata miaka 400 iliyopita. Kivoi anayejulikana katika historia ni Mkamba wa Kitui, aliyempokea mmishenari Ludwig Krapf mwaka wa 1849 na kuuawa mwaka wa 1851. Ikiwa ndiye anayesemwa, miaka 400 haiwezi kuwa kweli. Ikiwa ni mwingine, anayedai hana budi kumthibitisha. Kwa upande wa lugha, madai hayo yanahitaji kueleza ni kwa nini silabi ki- ilidondoka. Masimulizi hayo hayapaswi kudharauliwa, kwani yanahifadhi kumbukumbu ya misafara ya biashara iliyopita huko. Lakini kumbukumbu ya watu ni jambo moja, na nasaba ya neno ni jambo jingine.

Faida kwa uundaji wa istilahi

Msomaji anaweza kuuliza: haya yana faida gani kwa Kiswahili cha leo? Yana faida kubwa, kwa sababu sisi pia hubuni maneno. Sheikh Ahmed Sheikh Nabhany (1927–2017) alipotafuta neno la televisheni, alichimba katika hazina ya ushairi wa kale, akaunganisha rununu, yaani habari za kusikika, na maninga, yaani macho, akapata runinga. Vilevile tarakilishi huelezwa kuwa ni muungano wa tarakimu na akili. Nchini Tanzania, ikulu ilitoka katika lugha za Unyamwezini na Usukumani, ngeli ikatoka Kihaya, na kitivo kikatoka katika lugha za Upareni na Usambaani, ng'ambo tu ya mpaka wa Taveta. Maneno hayo ni mapya kwa matumizi, ila yana mizizi.

Hitimisho

Kidawida, Kisaghalla na Kitaveta vina mizizi inayoweza kukifaa Kiswahili kwa njia hiyo hiyo. Kisaghalla kilianza kuandikiwa sarufi mapema. Kitabu cha mmishenari J. A. Wray kilichapishwa mwaka wa 1894. Lakini katika mji kama Voi, penye reli na barabara kuu, Kiswahili ndicho kitawalacho sokoni na barazani, na kila kinapopanuka, lugha hizo hupungukiwa na nafasi. Sisi wanafunzi wa Kiswahili ni sehemu ya upanuzi huo, na kwa hivyo tuna deni. Tolkien aliweza kuketi na kubuni mzizi alioukosa. Mtafiti wa Taita hana ruhusa hiyo. Akishaondoka mzee aliyelijua neno la mmea au la tambiko, hakuna kanuni itakayolirudisha, isipokuwa majirani wawe wamelikopa. Kila mmoja wetu anayetoka katika jamii yenye lugha yake na akusanye maneno ya nyumbani, aandike maana zake na matamshi yake, ndipo aulize yametoka wapi. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Nasi tuongeze kwamba anayeisingizia asili hajaijua.