Jua Halikumuua Dracula

Swali ni lilelile, litoke Busia, Tororo au Molo: mbona Dracula wa filamu fulani anatembea mchana, ilhali kila mtu anajua jua humuua? Muulizaji huwa ameshamtia hatiani VJ, yule anayeitafsiri filamu kwa sauti yake katika kibanda cha video, kwamba kaharibu hadithi. Basi na afungue riwaya yenyewe, aliyoitoa Bram Stoker mwaka 1897. Humo Jonathan Harker na mkewe Mina wanamwona Dracula mchana kweupe, Piccadilly, katikati ya London, ndevu zimechongoka, macho kayakaza kwa msichana mrembo aliyeketi katika gari la farasi. Haungui wala hatoki moshi. Mchana humpunguzia nguvu tu. Na anayemmaliza si jua, ni visu: Harker anamkata koo, mwenzake Quincey Morris anamchoma moyoni, jua likizama. Hata ule mti uliochongwa, ambao wengi wataapa kwamba ndio uliomuua, ulimpata Lucy, rafiki wa Mina, si yeye.

Kifo cha jua kilizuliwa na Nosferatu, filamu ya Murnau ya mwaka 1922, iliyochukua hadithi bila ruhusa. Mjane wa Stoker alishtaki, mahakama ikaamuru nakala ziteketezwe. Chache zikanusurika, nasi tukarithi jua. Sababu yake iko wazi. Filamu bubu ina mwanga na kivuli tu. Mnyonya damu akifutwa na miale, ukumbi mzima unaelewa bila kuambiwa neno. Tamthilia ya Hamilton Deane ya 1924 ilikuwa na shida nyingine: jini la kukaribishwa sebuleni lazima livae kiungwana, ndipo likapata joho. Wapo watakaosema hao walikuwa watunzi, VJ ni mkalimani tu, atafsiri anyamaze. Lakini Murnau naye aliazima, tena kwa wizi. VJ wa Kiganda, au DJ Afro kwa Kiswahili, hawezi kugusa picha. Alicho nacho ni sauti, na ndiyo anayoigeuza. Kumlaumu kwa jua ambalo hakulipiga picha ni uvivu wa kusoma.

Anayetaka chanzo asome riwaya: haki miliki imekwisha, ipo bure mtandaoni kwa Kiingereza. Anayetaka jua, Nosferatu. Joho, Bela Lugosi, 1931. Meno na damu nyekundu, Christopher Lee, 1958. Dracula wa mchana, Coppola, 1992. Anayetaka kucheka, aende kibandani alipe kiingilio.