Mnaofuata dagaa Mbaha, angalieni hili joto

Mfanyabiashara mwenzangu, hasa wewe unayeshuka kutoka Mbinga kwenye baridi kufuata dagaa Mbaha: mwili unahitaji wiki 1 hadi 2 kuzoea joto la ziwani. Siku za kwanza usishinde juani. Anika asubuhi, mchana kaa kivulini, na maji kunywa hata kama huna kiu.

Kichwa kikiuma, kizunguzungu, misuli ikikaza, acha kazi upumzike kivulini, unywe maji kidogo kidogo. Lakini mwenzako akianza kuongea hovyo, akayumba kama mlevi au akaanguka huku mwili unawaka, huyo anaweza kufa. Hapo ndipo watu husema "malaria hiyo", wanampa panadol. Jamani, panadol haishushi joto la jua! Mpeleke kivulini, mpunguze nguo, mmwagie maji mwili mzima (ziwa si lipo hapo?), mpepee bila kuacha. Kama hajitambui usimnyweshe kitu, atapaliwa, mlaze ubavu. Mmoja akimbilie usafiri wa zahanati, wengine muendelee kumwagia, hata njiani. Malaria watapima hukohuko.