Msimu Unapoanza, Hatari Imekwisha Kujengwa

Mtaa wa Namuwongo, jijini Kampala, umelala chini ya kilima cha Muyenga. Nyumba zake nyingi zimebanana baina ya reli na mfereji wa Nakivubo, uchukuao maji ya mji hadi Ziwa Viktoria. Wakati wa kiangazi maji hupungua, nasi hudhani kuna salama. Kumbe ndipo hatari inapojengwa: mchanga hutuama, chupa za plastiki hulundikana. Mwezi Machi mvua za kwanza huikuta njia imezibwa, na maji hugeukia majumbani.

Askari wa nchi za baridi wanaijua hatari ya namna hii. Theluji ya mwanzo wa msimu ikikaa siku nyingi juu ya mlima hugeuka chembe zisizoshikana. Theluji mpya ikilala juu yake, uzito wa mtu mmoja waweza kuliporomosha tabaka zima. Tarehe 13 Desemba 1916, katika mlima Marmolada, poromoko la theluji liliifunika kambi ya askari wa Austria na kuua zaidi ya 200. Kamanda wao alikwisha kuomba kambi ihamishwe, asikubaliwe.

Uganda nayo haina theluji ila kileleni mwa Rwenzori, lakini ina udongo. Tarehe 1 Machi 2010, mvua kubwa iliporomosha ubavu wa mlima Elgon juu ya kijiji cha Nametsi, wilayani Bududa. Hata zahanati ambamo watu walijihifadhi ilifunikwa. Askari walichimba kwa majembe na mikono, kwani mashine hazikuweza kufika.

Ndugu askari na polisi, mara nyingi ninyi ndio mnaoitwa kwanza. Basi tusingoje kuitwa. Kabla ya mvua, tuukague mfereji pamoja na wazee wa mtaa. Tujue njia za kupandia mahali pa juu, na nyumba zenye wagonjwa na vikongwe. Maji yaendayo kasi yakifika magotini humwangusha hata mtu mwenye nguvu. Asivuke mtu bila kamba. Penye maporomoko, mmoja asimame akitazama juu wenzake wanapochimba, maana poromoko la pili huweza kuwafuata waokoaji.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Kwa Namuwongo dalili hutangulia mawingu: ni mfereji uliojaa taka, jua likingali linawaka.