Lukenya: Kwa nini kushuka mwamba ni kugumu kuliko kuupanda

VIJANA wa mtaa wa Tena na mitaa jirani ya Eastlands, jijini Nairobi, hawana haja ya kwenda mbali kutafuta mlima wa mawe. Lukenya, katika Kaunti ya Machakos, uko takriban kilomita 40 kutoka jijini, kando ya barabara kuu ya Mombasa, mbele ya Athi River.

Mwamba wake ni wa naisi, jiwe gumu lenye karibu madini yale yale ya graniti. Jua la mchana hulipanua na baridi ya usiku hulifanya linywee. Baada ya miaka mingi uso wake humeguka tabaka kwa tabaka, mithili ya maganda ya kitunguu. Ndiyo sababu kipande kinachoonekana imara huweza kung'oka mkononi. Anayekwea hukigonga kwanza. Kikitoa sauti ya uwazi, hukiacha.

Kanuni ya kukwea ni moja: miguu miwili na mkono mmoja, au mikono miwili na mguu mmoja, vibaki mwambani wakati wote. Uzito hubebwa na miguu, kwa kuwa mikono huchoka upesi.

Wahenga walinena kuwa mpanda ngazi hushuka, na hapo ndipo penye hatari. Anayepanda huona mahali pa kushika mbele ya macho yake. Anayeshuka hutafuta pa kukanyaga asipopaona, ilhali magoti yamekwisha kulegea. Penye mteremko mkali yafaa ageuke, auelekee mwamba na kushuka kinyumenyume. Asiyeona namna ya kushuka mahali fulani asipapande.

Wingi wa watu nao huongeza hatari, kwani jiwe linaloangushwa na wa juu humpata wa chini. Kwa hivyo watu hawapangani moja kwa moja juu ya wenzao, na jiwe likiponyoka, aliyelingusha hupaza sauti mara moja. Mwendo wa kundi huwa ule wa aliye mzito kuliko wote.

Mvua hugeuza kuvu la mwambani kuwa utelezi, na radi hupenda vilele. Mnamo Aprili 2012, mafuriko ya ghafla katika korongo la Hell's Gate, Naivasha, yaliwaua watu saba wa kundi la vijana wa kanisa kutoka Nairobi. Mawingu yakitanda, kiongozi hurudisha kundi hata kilele kikiwa karibu, kwani mwamba utakuwapo Jumamosi nyingine.